Kikombe cha Fahali

Fahali wa Manyanda alipopona homa, kijiji kizima cha Litapunga kilisifu dawa yake ya mwarobaini, naye Manyanda akavimba kichwa. Tangu hapo hakuacha kuchemsha majani. Kila asubuhi alikunywa yeye kwanza, kikombe kizima, kisha akamnywesha fahali kwa chupa. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake: usimpe dume wako kitu ambacho wewe mwenyewe hujakinywa. Mkewe, Ng'washi, ndiye aliyechuma majani.

Mvua zikaja, zikaondoka. Ng'ombe walipandwa, hakuna aliyeshika mimba. Manyanda akawaita wagumba, akawapeleka machinjioni. Ndani ya nyumba nako kukawa kimya. Mama yake akaanza maneno: mke gani huyu, kazi yake kula tu? Ng'washi alilia, akamsihi mumewe waende wote hospitali. Manyanda akacheka. Apimwe yeye, mwenye dume kama lile! Akamrudisha kwao Misunkumilo, akajiona mwanaume kweli kweli.

Baadaye akanunua mitamba wengine, nao wakapandwa bure. Hapo ndipo alipomwita Rozalia, afisa mifugo, ambaye alichukua mbegu za fahali akaenda kuzipima. Aliporudi uso wake haukuwa na furaha.

"Ng'ombe wako hawakuwa na shida, baba. Mbegu za dume ndizo zimekufa. Unampa nini?"

"Mwarobaini tu. Dawa ya asili, haina madhara."

"Kila siku? Ukizidisha hivyo, inaweza kuharibu mbegu. Acha kabisa. Akipumzika, pengine atarudia hali yake."

Manyanda alikitazama kikombe chake, bado kina masalia ya asubuhi.

"Na mtu je?"

"Mtu gani?"

Manyanda alikiweka kikombe chini. Alipanda pikipiki mpaka Misunkumilo, njia nzima akipanga maneno ya kuomba msamaha. Alielekezwa nyumba ambayo si ya wakwe zake. Ng'washi akatoka, tumbo limemtangulia. Manyanda alijisikia aibu mpaka akatamani kukimbia.

"Tatizo halikuwa wewe," akasema.

"Najua." Ng'washi alishika kiuno kwa uchovu. "Dume hajambo?"

"Anaweza kupona."

"Afadhali," akasema, akaingia ndani kumpelekea mume wake mpya maji ya kuoga.