Treni Haitoki Mpaka Mama Geti Aseme

Siku wifi yake alipoteuliwa kuwa mkuu wa stesheni ile ile anayofanyia kazi yeye, Mama Geti hakujua acheke au alie. Binti huyo, mdogo wa mwisho wa mume wake, alikuwa amekaa nyumbani kwao wakati wote wa masomo, akiosha vyombo huku anaimba na kuunguza chakula kila alipopewa zamu ya kupika. Leo ndiye bosi.

"Sasa nitakuitaje?" Mama Geti alimuuliza jioni ile. "Wifi au Mkuu?"

"Nyumbani wifi. Kazini niite upendavyo, mradi usiniite nioshe vyombo."

Wakacheka mpaka mume akatoka chumbani kuuliza kulikoni.

Kazi ya Mama Geti ilikuwa pale reli inapokata barabara, hatua chache tu kutoka stesheni. Kengele ikilia kibandani kwake, anazungusha mpini, vyuma viwili vyenye mistari myekundu na myeupe vinashuka, magari yanasimama, treni inapita. Kwa maneno ni kazi rahisi. Kwa vitendo ilikuwa vita. Chuma kikishuka, wenye miguu wanainama na kupita chini yake, wenye baiskeli wanazunguka pembeni, wenye pikipiki wanapenya kama maji kwenye ufa. Mama Geti alipiga kelele mpaka sauti yake ikakwaruza kama ya jogoo mzee, na bado walimpungia mkono wakipita, kana kwamba anawasalimu.

Wifi yake hajamaliza hata mwezi, balaa likatokea. Muuza mayai mmoja, na baiskeli yake iliyobeba trei hadi juu ya kichwa chake, alipita chini ya chuma kilichofungwa. Treni nayo ikawa inatoka stesheni. Dereva alipiga honi, akafunga breki, lakini treni si mkokoteni. Pembe ya kichwa cha treni iligusa tairi la nyuma. Mayai yaliruka kila upande. Mwenyewe walimkuta kwenye mtaro, ute wa mayai ukimchuruzika mpaka kidevuni, mzima wa afya, anauliza kiatu chake kingine kiko wapi.

Watu walicheka, maana mtu akinusurika kicheko huja chenyewe. Mama Geti hakucheka. Aliingia kibandani, akakaa chini.

Amri kutoka makao makuu haikuchelewa: atajwe aliyezembea. Mama Geti akajua kwake kumekucha. Alikwishaanza hata kukunja kanga yake aliyokuwa akitandika kwenye kiti, pale Mkuu alipoingia kibandani, akageuza ndoo, akaikalia.

"Sijaja kutafuta mchawi," alisema. "Nimekuja kuona unachokiona. Fanya kazi yako kama vile sipo."

Akakaa asubuhi nzima. Kengele ikalia, Mama Geti akafunga geti. Wakasubiri. Malori yakajipanga, honi zikaanza, watu wakaanza kuinama. Treni ilikuwa bado imelala stesheni, milango wazi.

"Kwa nini umefunga mapema hivi?"

"Kengele imelia, Mkuu."

"Kengele inalia saa ya treni kuondoka ikifika. Lakini treni haiko tayari, na kutoka hapa unaiona. Ungeweza kungoja kidogo."

Mama Geti akasita. "Nikichelewa kufunga, nakaripiwa. Mkuu aliyepita aliwahi kunisimamisha kazi."

"Umewahi kukaripiwa kwa kuwahi kufunga?"

"Hata siku moja."

"Basi mtu yeyote mwenye akili angewahi," Mkuu alisema, na hapakuwa na kejeli hata chembe katika sauti yake.

Mama Geti alimtazama. Miaka yote hiyo ameulizwa amefanya nini. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaogopa nini.

Mchana Mkuu alimfuata muuza mayai. Jamaa alijitetea kabla hajaulizwa, akaapa kwa wazazi wake wote. Mkuu akamwagizia chai, akangoja apoe.

"Mama," jamaa akasema mwishowe, "nikuambie ukweli? Mimi siangalii geti. Naangalia treni. Geti likifungwa treni imelala tu, unaweza kuzeeka hapo. Siku ile niliiona imelala. Nikainamisha kichwa kupita, kumbe imeamka."

"Ningekuwa wewe, na mayai yanangojwa sokoni, huenda na mimi ningepita," Mkuu alisema. Aliporudi kibandani alikuwa na huzuni kidogo. "Wifi, geti letu limekuwa mwongo. Na mwongo hata siku akisema kweli, nani atamsikiliza?"

Ikabidi sasa ijulikane treni inalala kwa nini. Hapo lawama zilimwangukia gadi, yule mwenye filimbi na bendera anayeruhusu treni kuondoka. Watu walimwita Bwana Nusu-Dakika, maana kila abiria aliyechelewa alimwomba nusu dakika naye akampa. Mkuu alisimama naye jukwaani treni baada ya treni. Akaona kwamba mlango wa kuingilia jukwaani ni mmoja, tena uko mwishoni kabisa. Abiria wote walisongamana kwenye mabehewa mawili ya karibu, huku mengine yakienda nusu tupu. Gadi alisimama mbele, kama alivyofundishwa, na mbele hapo nguzo na vichwa vya watu vilimziba asione milango ya nyuma. Kila akitaka kupuliza filimbi, moyo unamwambia ngoja, labda kuna mtoto mlangoni.

"Siyo huruma, Mkuu," gadi alisema kwa aibu. "Sioni. Naogopa kuburuza mtu."

Katikati ya jukwaa palikuwa na mlango mwingine, uliofungwa zamani na kugeuzwa stoo ya mafagio. Mkuu alivua koti, akayatoa mafagio yeye mwenyewe, akacheka na wafagizi waliokuja mbio kumsaidia. Mlango ukafunguliwa. Sakafu ikapigwa rangi pale milango ya mabehewa inaposimama, ili watu wajipange kabla. Gadi akahamishiwa katikati, anakoona mbele na nyuma. Na jambo kubwa kuliko yote: kengele ya Mama Geti haikulia tena kwa kufuata saa. Ililia milango yote ikishafungwa. Mama Geti anashusha geti, anaangalia reli, ndipo anajibu kwa kengele yake. Asipojibu, treni haitoki. Mpango huo ndio Mkuu aliowapelekea makao makuu, badala ya jina la mtu.

"Tutachelewa zaidi!" gadi alilalamika. "Kuongeza kengele ni kuongeza muda!"

Hawakuchelewa. Milango ilifungwa bila mbio, filimbi ikapulizwa bila woga, na treni zikaanza kuondoka kwa wakati wake mpaka abiria wa dakika za mwisho wakawa wanaachwa na kulalamika. Barabarani geti likawa likishuka, treni hiyo hapo, imepita, geti juu. Watu walichelewa kuamini. Tabia haibadiliki kwa siku moja. Lakini taratibu vichwa vikaacha kuinama. Siku moja Mama Geti alimwona muuza mayai, na trei zake mpya, amesimama nyuma ya chuma, anamfokea mwenye pikipiki: "We, unakimbilia wapi? Hiyo inakuja kweli!"

Habari zikamfikia meneja wa njia nzima, akaja kujionea. Stesheni ilifagiliwa mara mbili. Na siku hiyo hiyo, kabla geti halijashuka, mkokoteni uliobeba makochi mawili yaliyofungwa nailoni ulizamisha gurudumu kati ya reli na ubao uliooza. Mwenye mkokoteni akavuta, akasukuma. Haukutikisika.

Kengele ikalia kibandani. Treni iko tayari.

Mkono wa Mama Geti ulikuwa juu ya kitufe cha kujibu. Alimwona meneja kule jukwaani, suti yake, saa yake mkononi. Woga wa miaka yote ukamrudia. Kengele ikalia tena. Akautoa mkono kwenye kitufe, akachomeka bendera nyekundu dirishani, akainua simu.

"Mkuu, siko tayari. Mkokoteni umekwama relini."

"Sawa, Mama Geti. Treni haitoki mpaka wewe useme. Usiharakishwe na mtu."

Basi. Hakuulizwa kingine. Akatoka, akapaza sauti ile ya jogoo, na safari hii watu wakaitikia. Dereva wa lori akashuka, muuza mayai akaegesha baiskeli, wakanyanyua mkokoteni na makochi yake. Geti likashuka, Mama Geti akakagua reli huku na huku, akajibu kengele. Treni ikapita, imechelewa, dereva akimpungia mkono.

Muda si mrefu meneja akaja kibandani, Mkuu pembeni yake. "Nani ameichelewesha treni?" aliuliza.

"Ni mimi, bwana," Mama Geti alisema. Sauti haikutetemeka, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe.

"Na mimi ndiye niliyemwambia ana haki hiyo," Mkuu akaongeza.

Meneja alikwenda mpaka relini, nao nyuma yake, akapiga magoti, akapapasa ubao ule uliooza. Aliposimama, magoti ya suti yana vumbi, alimshika Mama Geti mkono kwa mikono miwili. "Ahsante, mama. Mbao hizi zitabadilishwa. Na sitaki kusikia mtu amekuuliza tena kuhusu treni hii."

Jioni Mama Geti alimsimulia mumewe yote, akirudia kila neno la Mkuu. Mume alisikiliza, akatikisa kichwa. "Yule mdogo wangu? Aliyekuwa akiunguza sufuria?"

"Huyo huyo," Mama Geti alisema. "Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi. Huyu ndiye wa kwanza aliyenifanya nisiogope kusema 'bado'."