Sauti ya Gari la Mkwe

Phelesia aliijua vizuri aibu ya kukimbia na mwiko mkononi. Mwanamke mzima, mwenye hoteli yake kando ya barabara ya Homa Bay, anainua sketi na kutokea dirisha la nyuma kama mwizi wa kuku! Kisa? Mkwe. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani hivi hivi uso kwa uso. Lazima mmoja ampishe mwenzake. Hiyo ni heshima, wala Phelesia hakuipinga. Tatizo lilikuwa Cephas, aliyemwoa Roselyn wake. Mwaka ule wa pili wa Uhuru alinunua Peugeot nyeusi kule Migori, na gari lenyewe lilikuwa bubu. Lilishuka mteremko kimya, likajitokeza mlangoni, na Phelesia hana hata nafasi ya kufunika sufuria. Akirudi anakuta samaki wameungua, wateja wanacheka mpaka wanapaliwa, na Cephas keshajichagulia samaki wa ngege mnono kuliko wote na kwenda zake.

“Ananikomoa huyo,” alimwambia Nyamweya, fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya barabara. “Anajua nitakimbia!”

Nyamweya, Mkisii ambaye nyusi zake ziliungua zamani na hazikurudi, akacheka. “Lakini goti lako limepona, Mama Roselyn. Ni mazoezi hayo.”

“Nitakuchapa na huu mwiko, wewe!”

Basi Jumamosi moja Peugeot ikafika ikikokotwa na ng'ombe. Cephas alikuwa ameivurumisha, injini moto, ndani ya mafuriko ya mto Riana, na kile chuma kizito kinachokusanya moshi ubavuni mwa injini kikapasuka. Phelesia alisikia mluzi wa mwenye ng'ombe mapema, akajificha nyuma ya ukuta wa jikoni, sikio nje.

“Chomelea,” Cephas aliamuru, “halafu uniongezee sailensa ya pili. Nataka nikipita hata mbwa asiinue sikio.”

“Chuma cha kusubu hiki, cha kuyeyushwa na kumiminwa,” Nyamweya alimjibu. “Hakitaki haraka. Nitakipasha kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, nikichomelee kikiwa moto hivyo hivyo, halafu kilale kwenye jivu mpaka jioni. Kikipata baridi ghafla, kinapasuka tena.”

Makaa mengi hivyo, na jivu la kufukia chuma kizima, yalikuwa kwa Phelesia tu. Nyamweya akaingia jikoni na koleo lake, na mama akamvamia hapo hapo.

“Sailensa ya pili? Toa hata hiyo ya kwanza! Weka bomba pana, lingurume kama magari ya mashindano!”

“Mwenye gari ni yeye, mama.”

“Na mwenye moto ni nani?”

“Nikigeuza neno la mteja, nani ataniletea kazi tena?”

Phelesia alikasirika, tena sana, lakini hilo lilikuwa kweli, na yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Akampa moto. Nyamweya akakipasha chuma, akaujaza ufa taratibu kwa moto wa gesi, akakifukia jivuni, kisha akaenda dukani kutafuta sailensa. Phelesia naye akatokea nyuma, akashuka ziwani kununua samaki.

Cephas akabaki kibarazani kwa fundi, anatazama jua. Alikuwa ameahidi kuibeba kwaya ya kanisa kutoka Uriri jioni ile. Alimwona mama mkwe akienda, akajua jikoni hamna mtu. Akavuka barabara, akaokota koleo, akaanza kulifukua jivu.

Phelesia aliingia kwa mlango wa nyuma na karai la samaki, maji bado yanachuruzika. Akalitua chini, akainua macho.

“Uwi!” wakasema wote wawili.

Mguu wa Phelesia, kwa mazoea, ulikuwa umeshainuka kuelekea dirishani. Ndipo alipoona mtu mzima ameinua chuma kwa koleo kutoka kwenye jivu lake, jikoni kwake. Mguu akaurudisha chini. Akafumba macho kwa heshima, akageukia ukuta.

“Wewe sufuria,” alisema kwa sauti, “mwambie mgeni wako mimi nimechoka. Leo akimbie yeye!”

Cephas akarusha koleo na chuma chake. Chuma kikatua kwenye karai la samaki, tssss, halafu tang! Mwenyewe alikuwa ameshaparamia dirisha, nusu ndani, nusu nje, na suruali ya Jumamosi ikichanika huku wateja wakimhesabia viraka.

Nyamweya aliporudi alikuta vipande viwili mahali pa kimoja. “Kinahitaji moto tena,” alisema, akiangalia jikoni, kisha akiangalia Peugeot, ambako mkwe alikuwa amejikunyata nyuma ya gurudumu. Akaenda kwa mama, akarudi na sharti lake.

“Moto upo. Jivu lipo. Lakini sailensa hakuna. Hata moja.”

Cephas akaitazama njia ya Uriri, ambako kwaya ilikuwa ikimngoja. Ilikuwa ndefu, na ng'ombe walishaondoka.

“Mwambie nimekubali.”

Jumamosi iliyofuata ngurumo ilianza kusikika gari likiwa bado juu mlimani. Phelesia akawageuza samaki upande wa pili. Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Akavua aproni, akafunga kitambaa chake vizuri, akatoka kwa mlango wa mbele, akashika katikati ya barabara kwa mwendo wa bibi harusi.

Gari likamfikia kwa nyuma, likasimama na kunyamaza ghafla. Cephas alikuwa amejilaza kwenye kiti, kofia usoni ili asimwone mama mkwe.

Phelesia akasimama pale pale katikati ya barabara kumsalimu Benta muuza mboga na kumuuliza kuhusu kikohozi cha mtoto wake. Benta alikuwa na watoto saba, na Phelesia aliwaulizia mmoja mmoja.