Nywele Nusu, Usaili Kesho

Simu ilipoita Jumapili ile mchana, Chiriku alikuwa amefumua nusu ya kichwa. Upande wa kulia misuko ilikuwa imelala kwa adabu, na upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama kama zimesikia habari za msiba. Alipokea akidhani ni fundi cherehani, aliyekuwa amekaa na sketi yake tangu enzi za mababu. Kumbe ni dada mmoja mwenye sauti ya tangazo la benki, akimwarifu kwamba maombi yake ya kazi yamepitiwa na anatakiwa kwenye usaili kesho asubuhi.

"Kesho hii?"

"Kesho hii. Kuna mtu amejitoa."

Chiriku alikubali kwa sauti ya mtu anayepigiwa simu za namna hiyo kila baada ya mlo, akakata, kisha akaketi sakafuni. Shida yake haikuwa muda peke yake. Hakukumbuka ni kazi gani aliyoiomba.

Ilibidi apekue barua pepe zake. Maombi yenyewe aliyatuma siku ile bosi wake alipompandisha cheo mpwa wake mwenyewe, kijana aliyekuwa bado anauliza kompyuta inawashiwa wapi. Siku hiyo Chiriku aliomba kila kazi iliyotangazwa, na laiti mabaharia wangekuwa wanatafuta nahodha wangempata yeye. Sasa mshale mmoja kati ya ile aliyoirusha akiwa amefumba macho ulikuwa umempata mtu. Kazi ilikuwa ya meneja wa bidhaa, katika kampuni inayotengeneza apu ya kupanga foleni za hospitali kwa simu.

Jina la Chiriku alipewa kazini. Alikuwa mpokea simu wa malalamiko katika kampuni ya maji, na tangu asubuhi hadi jioni mdomo wake haukupata nafasi ya kufungwa. Nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Nyumbani alikuwa mtu wa "mh" na "sawa", na mama mkwe wake, aliyehamia kwao baada ya kustaafu, alishaamua kitambo kwamba huo ni ujivuni. Mama huyo alikuwa mkuu wa gereza la wanawake, na mtaa mzima, pamoja na mwanawe wa kumzaa, ulimwita Afande. Hakuwa mtu wa kelele. Hakuhitaji.

Mumewe, fundi wa friji, alikuwa sebuleni na kichwa ndani ya friji la mteja. Aliposikia habari, alitaka kujua hizo bidhaa ziko ghala gani. Chiriku akasema hajui.

"Basi usisaini kitu kabla hujazihesabu," mumewe alishauri, akarudi ndani ya friji.

Chiriku akampigia rafiki yake wa shule, ambaye huandika programu za kompyuta, akaweka spika ili mikono iendelee na nywele. Rafiki hakuficha chuki yake. Alisema mameneja wa bidhaa ndio wanaomzeesha. Hawaandiki programu, hawachori, hawauzi. Wao huamua kipi kitengenezwe kwanza na kipi kisubiri, kisha kila mtu huwalaumu wao, na hawana mamlaka ya kumfukuza hata mfagizi.

"Kumbe ni mke wa kifungua mimba," Afande alisema kutoka kwenye kiti chake. "Anaendesha ukoo mzima na funguo za kabati hana."

Rafiki akakiri kwamba hajawahi kusikia ikielezwa vizuri zaidi. Kisha akamtumia Chiriku maswali ya mazoezi, na kumwonya kwamba kuyasoma kimoyomoyo hakusaidii. Lazima aulizwe kwa sauti, na mtu ambaye hatabasamu.

Mume na mke wakageuza macho kwenye kiti kile kwa pamoja.

Afande hakubembelezwa. Alisema kichwa kile hakiwezi kwenda popote kilivyo, hivyo mkamwana aje akae chini, mbele ya magoti yake. Atafumua na kuuliza papo hapo. Akavaa miwani, akaegemeza simu kwenye mkono wa kiti, akashika msuko wa kwanza kwa namna ambayo Chiriku alielewa mara moja kwamba amewekwa chini ya ulinzi.

"Jieleze."

"Mimi ni mtu mwenye ari, ninayependa changamoto na..."

Msuko ukavutwa.

"Nani anapenda changamoto?" Afande aliuliza. "Nimeishi na watu wenye changamoto maisha yangu yote ya kazi. Kila mmoja alikuwa anataka kutoka."

Swali la pili lilihusu udhaifu wake. Chiriku alijibu kama alivyosoma mtandaoni, kwamba udhaifu wake ni kujituma kupita kiasi. Safari hii aliona nyota.

"Udhaifu wako ni kuloweka sufuria mpaka ziote mvi."

Kicheko kikasikika ndani ya friji, kikafuatiwa na mlio wa kichwa kugonga chuma.

Waliendelea hivyo, uongo mmoja msuko mmoja. Afande hakuwa na haja ya kuona uso wa mtu ili kujua anadanganya, shingo ilimtosha. Mpaka wakafika kwenye swali la kwa nini anataka kuacha kazi aliyonayo. Chiriku akasema anatafuta kukua kitaaluma, akakaza shingo kusubiri adhabu. Haikuja. Mikono ya Afande ilitulia tu kichwani mwake, na chumba kikawa kimya. Kimya kile kilikuwa kimewatoa maungamo watu wagumu kuliko Chiriku.

Basi akasema. Pengine kwa kuwa alikuwa ameupa kisogo uso ule, alisema yote. Kwamba kutwa nzima watu wanamtukana kwa mabomba ambayo hakuyapasua yeye. Kwamba anaandika kila lalamiko, na mtaa, na namba ya nyumba, anapeleka ghorofa ya juu, na hakuna anayesoma. Wiki inayofuata mtu yule yule anapiga tena, sasa akiwa na matusi mapya. Kwamba mwanzoni alijali, kisha akaigiza kujali, na sasa anaogopa kwamba hata kuigiza kumeanza kumshinda. Akifika nyumbani, neno moja tu linamwia zito kama gunia.

Afande alianza tena kufumua, polepole.

"Mimi nilidhani unatuona sisi si wa kiwango chako."

"Hapana, mama. Huwa nimeishiwa."

"Hata mimi nilikuwa hivyo. Narudi kutoka gerezani, wiki inapita sijasema kitu. Baba yake huyu akadhani nina mwanamume mwingine."

Fundi friji akatoa kichwa nje. Aliwatazama wote wawili, akaona hakuna nafasi yake, akakirudisha.

"Hukumweleza?" Chiriku aliuliza.

"Nilikuwa nimechoka kueleza."

Nywele zilipokwisha, rafiki alipiga tena kukumbusha kwamba haendi mtu kwenye usaili kabla ya kuijaribu bidhaa yenyewe. Afande alikuwa na haja ya kwenda kliniki ya macho, kwa hiyo wakaiweka apu kwenye simu yake. Ikamtaka achague mwaka wa kuzaliwa, kuanzia mwaka huu kurudi nyuma. Afande akasukuma miaka kwa kidole. Akapita mwaka aliozaliwa mwanawe, akapita harusi yake mwenyewe, kidole kikateleza, akaanza upya. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi, na hii ni apu ya wagonjwa, wa macho wakiwemo. Alipofika kwenye orodha ya kliniki na kubonyeza, apu ilimshukuru na kumpa nafasi kliniki ya wajawazito.

"Mungu ni mkubwa," Afande alisema.

Asubuhi Chiriku alifika akiwa amefunga kitambaa kichwani na ngozi ya kichwa bado inamwuma. Wasaili walikuwa watatu. Alikuwepo mkurugenzi kijana aliyevaa fulana, mkuu wa mafundi asiyeinua macho kwenye kompyuta yake, na yule dada wa sauti ya benki, ambaye ndiye afisa ajira. Walimkalisha kwenye mto mkubwa uliommeza mpaka magoti yakakaribia kidevu.

Hakuna hata swali moja la rafiki lililoulizwa. Mkurugenzi alitaka kujua kitu kimoja tu, kama yeye angepewa apu yao leo, angeanza na nini. Chiriku akawasimulia habari za mama mkwe aliyeomba macho akapewa mimba. Afisa ajira alicheka mpaka akatafuta leso. Mkurugenzi hakucheka. Alisema ukurasa ule aliubuni yeye mwenyewe.

Chiriku aliiona kazi ikitoka dirishani. Alijaribu kusimama ili ajitetee kwa heshima, mto ukamrudisha chini.

"Huyo ni mtu mmoja," mkurugenzi alisema. "Utajuaje kama wengine wanapata shida hiyo?"

"Sijui. Mama mkwe mmoja si utafiti. Malalamiko ya watumiaji yanakwenda wapi?"

Alijibiwa kwamba kuna anwani ya barua pepe. Akauliza nani anaisoma. Mkurugenzi akamtazama mkuu wa mafundi, mkuu wa mafundi akamtazama afisa ajira, na afisa ajira akatazama pazia.

"Mimi nimeandika malalamiko ya watu miaka mingi, hayakusomwa na yeyote," Chiriku alisema. "Msiponiajiri, si kitu. Lakini fungueni hiyo barua pepe."

Wakamshukuru kwa sauti zile ambazo watu humshukuru nazo daktari wa meno. Ilibidi mkuu wa mafundi amvute mkono ili atoke kwenye mto.

Siku zilizofuata alirudi kwenye simu zake. Alikuwa katikati ya kutukanwa na mzee mmoja aliyekosa maji ya kuoga, simu yake ya mkononi ikamulika. Alimwomba mzee asubiri, akapokea. Alikuwa afisa ajira. Walikuwa wameifungua ile anwani, wakakuta watu chungu nzima waliopangiwa kliniki ya wajawazito, baadhi yao wanaume. Mkurugenzi alinuna siku mbili, kisha akasema huyo mpokea simu aitwe. Ataanza kwa muda wa majaribio.

Chiriku akashukuru, akarudi kwa mteja.

"Samahani, mzee, endelea. Ulikuwa umefika kwenye mama yangu."

Jioni alimkuta Afande sebuleni, miguu yake juu ya kiti cha pili. Akamweleza. Afande aliuliza kama bosi mpya ni mtu mwenye akili, na Chiriku akasema bado anamchunguza, anavaa fulana kazini. Afande akashusha miguu ili mkamwana apate pa kukaa. Wakaingia kwenye habari za mabosi, wa gerezani na wa kampuni ya maji, nani alikuwa mwizi na nani alikuwa mjinga tu, na giza likaingia wasiwashe taa.

Fundi friji alirudi, akawasha mwenyewe, akauliza leo kuna chakula gani.

"Utakachopika," walimjibu, wakaendelea.