Daraja Linaloyumba

Ofisini walimwita Kalamu, na jina lilimkaa. Kazi yake katika idara ya utalii ilikuwa kuusifia uzuri wa nchi akiwa kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya, mbele ya dirisha linalotazama ukuta wa choo. Hawakuwahi kumtuma popote. Walimletea picha, naye akazitia chumvi. Kipeperushi chake kuhusu Bonde, ile njia ya kutembea kando ya mto mpaka baharini, ndicho kilichomtoa kimasomaso. Sehemu moja tu ilimsumbua: katikati ya njia hakukuwa na picha. Kalamu akakuna kichwa, akaweka hapo daraja la kamba. “Simama katikati yake,” aliandika, “usikilize moyo wako.” Watu waliupenda mstari ule kupita kiasi. Mkewe aliukata, akaubandika kwenye friji, na kila Jumapili akawa anauliza, “Baba watoto, hilo daraja utanipeleka lini?”

Basi siku moja Mkurugenzi akatangaza kwamba ofisi nzima itatembea Bonde, kutoka juu mpaka pwani, na daraja litapigwa picha ya kalenda. Kalamu alijua fika kwamba daraja lisipoonekana, na yeye hataonekana tena kazini. Akakata shauri kukiri njiani, kabla hawajafika.

Lakini utakiri vipi kwa mtu anayehema? Mkurugenzi alikuwa na buti mpya, akitembea kama anayekanyaga mayai, na kila aliyemsogelea alimnyooshea kiganja: ngoja kwanza. Kalamu akangoja, na kwa kuwa hana la kufanya, akawa anatazama. Hapo ndipo Bonde lilipomteka. Maji yalipita kijani chini ya mizizi. Mdiria, ndege mvuvi, alitua juu ya tete, tete likainama, akachupa na kurudi na samaki mdomoni. Mwamba mrefu ulikuwa unatiririka maji kidogo kidogo, na chini yake palikuwa na baridi ya kupendeza. Hakuna hata kimoja alichowahi kukiandika. Aliona haya, kisha akaona raha, na raha ikashinda.

Mto ukapinda, ukatanuka, na njia ikaingia majini. Daraja hakuna. Maji ya magotini, mawe chini yake, na njia ikiendelea ng’ambo.

“Mkurugenzi, nina neno,” Kalamu alisema.

“Baadaye!” Mkurugenzi alikuwa ameyakodolea maji macho.

Dereva wa ofisi akachutama. “Panda mgongoni, mzee.”

Akapanda. Akafumba macho, akamkaba dereva shingo, na kila mguu wa dereva ulipoteleza, kule juu mgongoni palitoka kiyowe. Wengine walivua viatu, wakakunja suruali, wakavuka wakirushiana maji na kucheka vicheko ambavyo kuta za ofisi hazijawahi kuvisikia. Mkurugenzi alivisikia vyote, na alijua ni vipi vilivyomcheka yeye.

Alasiri walifika pale mto unapoingia baharini, wakaketi mchangani kula mikate yao. Mpiga picha akauliza, “Jamani, kwani daraja tumelipita saa ngapi?”

Kalamu akasimama. “Mkurugenzi, lile daraja…”

“Lile daraja ni hatari!” Mkurugenzi akamkata kauli. Alimtupia jicho dereva, kisha wengine, mmoja mmoja. “Linayumba! Nimevuka nimeshikilia kwa mikono miwili. Au kuna aliyeona vingine?”

Dereva akatazama baharini. “Linayumba kweli, mzee. Mimi mgongo unaniuma mpaka sasa.”

Sekretari akaapa kwamba kamba moja ilikatika mbele ya macho yake. Mhasibu akasema yeye aliisikia. Mpaka mikate inaisha, daraja lilikuwa limeoza upande mzima na kila mtu amenusurika kifo. Wakamgeukia Kalamu.

“Na wewe uliyeliandika?”

Kalamu aliwaza watoto, akawaza kile kiti cha waya. “Limechakaa,” akasema, akajichukia.

Jumapili iliyofuata alimchukua mkewe kwenda Bonde. Alipania kumweleza ukweli pale pale ukingoni, miguu yao ikiwa majini, kwamba daraja hakuna ila kuna kilicho kizuri zaidi. Mwanzoni mwa njia wakakuta kamba mpya imekingamishwa, bango, na mlinzi. NJIA IMEFUNGWA. DARAJA BOVU.

“Ndugu yangu, hakuna daraja,” Kalamu alisihi. “Watu huvuka kwa miguu.”

“Mzee, bosi mkubwa mwenyewe nusura afe pale.”

“Alibebwa mgongoni!”

“Sasa na linavyoyumba, ulitaka avukeje?”

Kalamu akamgeukia mkewe. “Mama watoto, naapa, lile daraja nililitunga tu. Halijawahi kuwepo. Lakini huko ndani kuna mwamba, kuna ndege mmoja…”

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mkoba, akatoa kile kipande cha karatasi alichokibandua kwenye friji asubuhi ile, akamshikisha mkononi.

“Wageni ulipowaandikia, lilikuwepo,” alisema. “Imefika zamu yangu, halipo.”

Akaelekea kituo cha basi bila kugeuka. Nyuma ya kamba mto ulisikika ukipita, na Kalamu, mwenye maneno ya kila bonde nchini, hakupata hata moja la kumwita arudi.