Mtu wa Nyumbani

Kila siku ya mavuno, saa saba kasoro mchana, Karlene alianza na mfuko wa kushoto wa suruali. Kisha wa kulia, kisha ile miwili ya nyuma, kisha wa shati, halafu alipitisha kidole ndani ya ukingo wa kofia. Galen huwa ameshaingia bafuni, maji yanasikika, na nguo zake zimeachwa sakafuni mbele ya mashine ya kufulia, zimekakamaa kwa vumbi la shamba. Kazi yote ilimchukua muda wa wimbo mmoja wa redio. Akimaliza alihesabu vijiko vya chai kwenye droo, akatazama kama balbu zote za jikoni zipo mahali pake, ndipo akawasha mashine na kupasha chakula. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza mwenyewe, polepole, katika miaka minne.

Siku hiyo maji ya bafuni hayakusikika. Karlene aligeuka, mkono ungali ndani ya mfuko wa nyuma, akamwona mumewe amesimama mlangoni na soksi miguuni, anamtazama. Hakujua amesimama pale tangu lini.

"Bado wa shati, afande," Galen alisema. Hakucheka, ila sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu. "Acha nikupunguzie kazi. Kilichokuwemo ninacho hapa."

Akamnyooshea karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa ya kliniki moja ya Scottsbluff, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwao. Ilisema kwamba mtu anaweza kutibiwa uraibu wa methamfetamini, ile chembechembe ambayo bonde zima wanaiita kioo, bila kulazwa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa mbili kila mara, wiki kumi na mbili. Akimaliza anarudi kwake. Chini kulikuwa na namba ya simu, na mtu alikuwa ameizungushia kalamu mara mbili.

Karlene aliisoma yote, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine. Hakukuwa na kitu. Akauliza nani amempa. Galen akasema amejichukulia mwenyewe kwenye kaunta ya duka la dawa. Karlene akamwuliza ni lini, naye akajibu Jumanne iliyopita, na hapo hapo Karlene akaanza kuhesabu kimoyomoyo Jumanne Galen alikuwa wapi na saa ngapi.

Hivyo ndivyo akili yake ilivyokuwa imezoea kufanya kazi. Neno likiingia, linakaguliwa kwanza.

Na sababu alikuwa nazo. Galen aliendesha lori la viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari, katika shamba la wajomba zake, kuanzia saa sita usiku hadi saa sita mchana. Mwezi wa kumi ukifika, mashamba ya bonde la Platte hayalali. Viazi vyote lazima vitoke ardhini kabla udongo haujaganda, malori yanapokezana usiku na mchana, na kwao dereva anaulizwa amepeleka shehena ngapi kwenye lundo la kiwanda cha sukari. Haulizwi amekesha vipi. Kioo kilianzia huko, kwenye msimu mmoja wa mvua na tope, kwa kuonjeshwa na dereva mwenzake. Msimu ulipokwisha, Galen hakuacha. Miaka miwili baadaye alikwenda kulazwa kwenye kituo cha tiba huko Lincoln, mji wa mbali, kwa siku ishirini na nane. Akarudi na mashavu, akapaka rangi uzio, akapata hamu ya kula. Mavuno yaliyofuata Karlene alikuta kijiko kimeungua chini, na balbu iliyotobolewa ya kuvutia moshi wa kioo.

Sasa ghafla anataka kutibiwa huku analala kwake, huku analala umbali wa mtaa mmoja tu kutoka kwa yule dereva mwenzake. Kwa nini hiyo? Kwa nini si Lincoln tena? Karlene alimwuliza, kwa upole, maana hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Galen akasema Lincoln hakuna viazi, hakuna lori, hakuna saa sita usiku. Kule kuacha ni rahisi kwa sababu hakuna cha kuacha. Anataka kujifunza kuacha hapa hapa anapotumia. Akaongeza kwamba hajagusa kitu kwa siku kumi na moja.

Jibu lilikuwa zuri. Karlene alihofia majibu mazuri kuliko mabaya, kwa sababu mabaya Galen hakuwahi kuyaandaa.

Jioni alipiga ile namba akiwa ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Aliyepokea alijitambulisha kuwa Imelda Trujillo, mshauri, na akamjibu kila alichouliza bila haraka. Hapana, hakuna kidonge cha kuponya uraibu huu kama vilivyo vya uraibu wa heroini. Kuna mazungumzo, kuna mazoezi ya kuikabili hamu inapokuja, kuna kupimwa mkojo. Ukionekana msafi, unatia mkono kwenye bakuli la vikaratasi na kuchagua kimoja. Vingi vimeandikwa pongezi tu, vingine vina zawadi ya kadi ya dukani. Akasema ndiyo njia iliyoonekana kusaidia wengi wa aina ya Galen.

Karlene alishukuru na kukata simu. Kwa hiyo mume wangu, alijiwazia, atakuwa anachezeshwa bahati nasibu kwa mkojo wake. Alitamani kucheka, lakini kicheko hakikuja. Kitu kilichomng'ang'ania ni sentensi ya mwisho ya yule mshauri: kwamba anayetibiwa bila kulazwa anahitaji mtu wa nyumbani, mtu mmoja wa kuweka sahihi, wa kuwa macho, wa kupiga simu mambo yakianza kuharibika.

Kesho yake aliendesha hadi mji wa pili kununua vijiti vya kupimia mkojo, kwa kuwa mwuza dawa wa kwao hucheza bingo na mama mkwe wake. Galen hakukataa. Alichukua kikombe akasema hata ndama wa mjomba hupimwa kwa heshima zaidi ya hiyo, akaingia bafuni, akatoka, akaenda kulala.

Karlene alisoma maelezo mara tatu. Mistari miwili, msafi. Mstari mmoja, si msafi.

Ulitokea mmoja.

Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea hadi kijiti kikakauka. Hakumwamsha. Alikizungushia kitambaa cha karatasi akakitia ndani ya pochi yake, na kwa siku mbili akapika, akafua, akajibu anapoulizwa. Galen aliongea kuliko kawaida. Alisimulia habari za lundo la kiwandani, kwamba mwaka huu limekuwa refu hadi kunguru wanapata kizunguzungu. Karlene alimtazama mdomo, akajiuliza mtu hujifunzia wapi kudanganya kwa furaha namna hiyo.

Ijumaa walikwenda pamoja kliniki. Galen alikuja moja kwa moja kutoka shambani, macho mekundu, kijiti cha dawa ya kuvuta puani kinaning'inia shingoni kwa uzi kama walivyovaa madereva wote wa mavuno, maana vumbi la viazi linaziba pua usiku kucha. Imelda Trujillo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijani na bakuli la vikaratasi juu ya kabati nyuma yake. Alieleza tena yale yale, kisha akasukuma fomu moja upande wa Karlene.

"Dada, hapa ndipo pako," alisema. "Mtu wa nyumbani."

Karlene hakuichukua kalamu. Alifungua pochi, akatoa kitambaa, akakikunjua juu ya fomu.

"Alisema siku kumi na moja," alisema, sauti ndogo hata Imelda akalazimika kuinama. "Hiki ni cha siku ya kumi na mbili."

Galen alikitazama kile kijiti, akamtazama mkewe. Akasema si kweli. Akasema tena, mara hii kwa Imelda, kwamba anaapa, kisha akakatisha maneno kama mtu aliyekumbuka ameshaapa mara nyingi mno na kiapo chake hakinunui kitu. Alisimama akaishika kofia yake. Sehemu moja ya Karlene ilikuwa imetulia kabisa. Hatimaye kitu kilikuwa kimethibitika.

"Kaa kwanza, Galen," Imelda alisema. "Hicho cha shingoni unakivuta mara ngapi kwa usiku?"

Galen hakuelewa. Akasema hahesabu, labda kila akipakia shehena, labda mara thelathini. Imelda akanyoosha mkono, akakigeuza kile kijiti cha puani na kusoma maandishi madogo ubavuni. Akaeleza kwamba baadhi ya vijiti vya aina hii vina dawa iliyo ndugu na kioo. Haikesheshi mtu, haileweshi, inafungua pua tu, lakini akiivuta kupita kiasi vipimo vya dukani vinaweza kushindwa kuzitofautisha. Kila mwezi wa kumi anapata dereva mmoja au wawili wa namna hiyo. Hakusema kwamba Galen ni msafi. Alisema mkojo utapelekwa maabara, huko wanajua kutofautisha, na jibu litakuja baada ya siku nne. Fomu ingesubiri.

Walirudi nyumbani. Galen alikivua kile kijiti cha puani na kukiacha juu ya dashibodi, na hakukivaa tena mavuno yale.

Jibu lilifika Jumanne kwa barua pepe. Galen alilichapisha maktaba, akaliweka juu ya meza ya jikoni, kisha akampigia mama yake. Arvilla alifika mchana ule ule na sinia ya mikate ya kabichi na nyama, bado ya moto, amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa mjane mwenye miguu mibovu na mdomo mzima. Alimbusu mwanawe, akakaa, akamgeukia Karlene na kusema kwamba sasa mwanangu, umeona kwa macho yako, si vibaya mtu kukosea, vibaya ni kukaa na kosa. Akatenga sahani tatu. Akasema yule mama wa kliniki anangoja sahihi, na kwamba mke ndiye nusu ya dawa.

"Na nusu nyingine ni mikate yako, Mama," Galen akasema.

"Nusu nyingine ni kulala mapema, mjinga wewe."

Walicheka wote wawili. Karlene aliivuta ile karatasi karibu. Ilisema wazi: hakuna kioo, ipo ile dawa ya pua. Aliisoma. Halafu akajigundua anaisoma mara ya tatu, na macho yake hayakuwa kwenye jibu tena. Yalikuwa kwenye tarehe, kama imebadilishwa. Yalikuwa kwenye herufi za jina, kama ukubwa wake unalingana na maandishi mengine. Aliwaza maktaba, akawaza kwamba huko kuna kompyuta, na kwenye kompyuta mtu anaweza kuandika anachotaka. Mkono wake ulikuwa tayari unatafuta simu ili ampigie Imelda na kumsomea namba ya karatasi.

Ndipo alipoogopa. Hakumwogopa Galen. Galen alikuwa ameketi pale, kabichi kwenye kidevu, siku kumi na nane bila kitu, anamwambia ukweli kwa karatasi yenye muhuri, naye Karlene hakuweza kuusikia. Kama angesema ukweli mwaka mzima, angeukagua mwaka mzima. Wiki kumi na mbili za kliniki, saa sita kwa wiki. Saa zilizobaki zote zingekuwa zake yeye, amesimama anakagua. Hicho ndicho ile fomu ilikuwa inamwomba.

Arvilla alikuwa ameshachomoa fomu kutoka kwenye bahasha. Akailaza kando ya sahani, akaweka kalamu juu yake.

"Haya, mwanangu. Tia sahihi tule."

"Mama, mwache," Galen alisema. Alimtazama mkewe, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, wa mtu anayengoja kuombwa radhi na ameshasamehe. "Karlene. Sema tu. Nimezoea."

Karlene aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Katika ndoa yao yote hakuwahi kusema jambo ambalo lingemfanya mtu aache kula.

"Nilikosea kuhusu kipimo," alisema. "Nisamehe kwa hilo. Na uende kliniki, nenda Ijumaa, nadhani itakufaa. Lakini sitatia sahihi."

Arvilla alifungua mdomo. Galen akainua kidole, naye akaufunga.

"Nimesoma hiyo karatasi mara tatu natafuta ulipoibadilisha," Karlene alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti haikutetemeka. "Hukuibadilisha. Najua hukuibadilisha, na bado natafuta. Mama ana chumba, na yuko karibu na kliniki kuliko sisi. Aweke sahihi yeye, yeye anakuamini. Nataka upone, Galen. Nataka sana. Ila sitaki ukae humu wakati unapona, kwa sababu nikiendelea kukukagua nitakuchukia, na sijaanza bado."