Kitufe cha Dharura

Jumatatu asubuhi, mpiga deki wa hospitali alikuwa akikamua tambara pale mapokezi. Fundi wa kompyuta akamwita.

"Mzee, samahani. Huyu ni wa kwako?"

Mzee akainama kwenye skrini. Alikuwa mkewe, aliyekufa mwezi wa nne kwenye benchi la hapo hapo akisubiri zamu.

Fundi alikuwa akitafuta kitufe kwenye programu ya foleni. Alieleza kwamba kila kitu kwenye skrini kina jina lake na kinakaa ndani ya kingine: dirisha lina visanduku, kisanduku kina watoto, watoto wanazaa wajukuu. Ukiandika jina, programu inashuka ukoo mzima mpaka ikipate. Alikuwa ameandika "dharura". Ikakipata kitufe, na kando yake huyu mama, mkoba mapajani.

"Umechelewa," mke akasema.

"Nilikuwa nakwenda makaburini."

"Kule kuna nini? Mimi niko huku na kitufe chao."

Siku ile mkewe alipokosa pumzi, msichana wa mapokezi alikitafuta kitufe cha dharura cha kumpitisha mbele ya foleni asikione, akampa namba. Mkuu wa hospitali alisema msibani, kwa kinywa chake, kwamba kitufe hicho hakijawahi kuwepo. Mpiga deki aliishia darasa la nne. Alimwamini, tena akamshukuru kwa jeneza.

Sasa fundi alimsomea polepole. Kitufe kipo. Kionekane: hapana. Aliyeagiza: mkuu. Sababu: dharura zinavuruga foleni. Tarehe ilikuwa siku tatu kabla ya kifo.

Mkuu akaitwa, akaja na kikombe chake cha chai.

"Hujambo, shemeji?" akaiambia skrini.

"Sijambo, bwana mkuu."

"Humo unakaa vizuri?"

"Pamebana kidogo."

"Kirudishe tu hicho kitufe," mpiga deki akasema. "Asije akafa mwingine. Mimi sidai kitu."

Mkuu akamgeukia fundi. "Kibadilishe jina. Kiite chochote."

Fundi hakumtazama mzee. "Nina familia, baba," akasema, huku vidole vikiandika. Kisha akatafuta tena "dharura". Programu ikashuka mpaka kwa vitukuu, ikarudi mikono mitupu.

"Umeona?" mkuu akamwambia mpiga deki, kwa upole kabisa. "Hakuna."

Halafu akasema shemeji ana sauti nzuri, si vyema akae bure. Tangu hapo ndiye anayeita wagonjwa. Anaita vizuri, herufi zote zinasikika, na watu wanamsifu.

Jana bibi mmoja aliingia akishikiliwa na binti yake, anahema kama mvukuto. Msichana wa mapokezi akaitazama skrini, akampa namba sitini na saba. Mpiga deki akasogeza ndoo, bibi akapata pa kukaa.

"Namba thelathini na moja," mkewe akaita, "dirisha la pili."

Hana ruhusa ya kuruka namba.