Familia Thelathini Nyuma ya Mikorosho

Mwaka wa tisini na mbili, wakimbizi wa kwanza kutoka Kismayu walipofikia Kisauni, Nyevu wa Mtopanga ndiye aliyewapikia uji. Wakati ule hapakuwa na shirika wala hema. Palikuwa na shamba tupu, watu wamekalia mafurushi yao, na sufuria kubwa aliyoiazima kanisani. Baada ya wiki mbili alijua nani mjane, nani mjamzito, nani hasemezani na nani.

Kisha mashirika yakaja, kila moja na bendera yake. Hili liligawa mablanketi asubuhi, lile likagawa mablanketi jioni kwa watu wale wale, na upande wa pili wa kambi watu wakalala mchangani. Ndipo akatumwa mama mmoja wa Kidenmaki, Bi Kirsten, ayaweke mashirika pamoja. Kila Jumatatu wakubwa wao walikutana katika darasa la shule ya jirani, na ukutani akabandika karatasi pana: nani analeta nini, wapi, siku gani. Alihitaji mtu wa kuishughulikia karatasi hiyo. Nyevu akamletea Kahaso, rafiki yake tangu utotoni, aliyesomea kupiga chapa. Alidhani Kahaso ataandika, na yeye atasema.

Haikuwa hivyo. Kahaso alipewa kiti, redio ya mkononi na kitambulisho chenye picha. Nyevu aliachwa nje kupanga foleni ya akina mama. Akipita dirishani alimsikia mwenzake akizieleza habari alizompa yeye, kwa Kiingereza chake cha taratibu, na wageni wakiandika kila neno.

"Hayo ni maneno yangu," alijiambia. Hata namna Kahaso alivyofunga kilemba ilianza kumuudhi.

Jumanne moja mvua ilizamisha upande wa bondeni, na familia thelathini zikahamia nyuma ya mikorosho. Karatasi ikaendelea kusema ziko bondeni. Gona, dereva wa boza la maji, akaendelea kupeleka maji kwenye tangi la bondeni, ambako hapakuwa tena na mtu wa kuyateka. Nyevu alijua yote siku ile ile.

"Dada, watu wa bondeni wamesalimika na mvua?" Kahaso alimuuliza jioni.

"Wazima," akajibu Nyevu, akageukia foleni yake.

Alitaka Jumatatu ifike, kosa lionekane, na Kahaso aone haya mbele ya watu.

Jumatatu ilikuwa mbali. Jumamosi asubuhi bibi mmoja wa Kibajuni, Bi Batuli, alimjia amembeba mjukuu aliyelegea.

"Mwanangu, maji hayatufikii. Tunakunywa ya dimbwi la ng'ombe," alisema. "Nilidhani wewe unajua tuliko."

Nyevu akampokea mjukuu. Alimpeleka mtoto kwenye hema la matibabu, na humo akakuta wengine kumi na mmoja, wote wa nyuma ya mikorosho, wote wanaharisha. Akaenda moja kwa moja darasani.

"Kahaso, watu wa bondeni walihama."

"Lini?"

"Jumanne."

"Nawe ulijua lini?"

"Jumanne."

Kahaso alimtazama, kisha akachukua redio. Akamwambia Gona ageuze boza. Akaliita shirika la madawa, akaliita lile la mahema. Kabla ya adhuhuri maji yalikuwa nyuma ya mikorosho. Nyevu alisimama mlangoni akitazama, na hata saa ile, huku anaomba watoto wapone, yale maneno machache yaliyoendesha malori yalimchoma moyo.

"Kwa nini ulinificha?" Kahaso aliuliza hatimaye.

"Umekaa mahali pangu."

"Hukuniambia ni pako."

Watoto wote walipona. Jumatatu Bi Kirsten akamsifu Kahaso mbele ya mkutano kwa kuligundua kosa mapema.

"Si mimi," Kahaso alisema. "Ni Nyevu aliyeniletea habari. Yeye ndiye awe anazunguka kambini kila asubuhi kabla sijaandika." Habari ya Jumanne hakuitaja.

Nyevu akaitwa ndani, akapewa kazi hiyo, akashukuru. Lakini njia nzima ya kurudi Mtopanga hakumtazama mwenzake usoni. Kama Kahaso angeipokea sifa ile na kunyamaza, angalau Nyevu angepata sababu ya kumchukia. Sasa alibaki na wivu mtupu, hauna hata kisingizio, na bado haukutaka kumtoka.

"Kesho tuanze saa ngapi?" Kahaso aliuliza.

"Saa kumi na mbili," Nyevu akasema, akaongeza mwendo.